Kuunganisha Nyumba na Gesi Kisumu, Nakuru na Magharibi mwa Kenya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo wenye nyumba, wapangaji na watu wanaojenga hutuuliza sisi mafundi wa mabomba ya gesi kila tunapokutana nao, iwe ni Mamboleo, Kiamunyi au Lurambi. Majibu ni marefu pale ambapo kosa linaweza kumgharimu mtu maisha au fedha nyingi, na ni mafupi pale ambapo hakuna mengi ya kueleza.

Je, ninaweza kuunganishiwa gesi asilia nyumbani kwangu Kisumu au Nakuru?

Hapana, kwa sasa haiwezekani, na ni vyema jambo hili lieleweke kabla ya mengine yote. Gesi asilia ni methani inayochimbwa ardhini na kusafirishwa kwa bomba kutoka kisimani hadi mjini bila kutiwa mtungini. Kenya haina kisima kinachozalisha gesi hiyo kwa biashara, wala haina mtandao wa mabomba ya kuisambaza majumbani, si Kisumu tu bali hata Nairobi na Mombasa. Kilichogunduliwa Lokichar, Turkana, mwaka 2012 ni mafuta ghafi.

Kinachowezekana, na ambacho wengi humaanisha wanapouliza swali hili, ni kuwa na gesi inayofika jikoni kwa bomba badala ya mtungi kukaa chini ya meza. Zipo njia mbili za kufanya hivyo. Ya kwanza ni gesi ya kawaida ya kupikia, yaani LPG, inayotolewa kwenye mitungi au tangi lililo nje na kupitishwa ndani kwa mabomba. Ya pili ni baiogesi inayotengenezwa kwa samadi ya ng'ombe bomani. Mtu yeyote akikujia na fomu ya kujiandikisha kwenye foleni ya gesi asilia, akidai malipo ya awali, usimpe hata shilingi, kwa kuwa bomba analolizungumzia halipo.

Mbona ndugu zetu wa Dar es Salaam wanapikia gesi asilia?

Kwa sababu Tanzania inayo gesi yake yenyewe. Iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Gesi ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, hasa kwa ajili ya kuzalisha umeme na kuendesha viwanda, na bomba kubwa la kutoka Mtwara likakamilika mwaka 2015. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania limekuwa likiunganisha nyumba za watu, hatua kwa hatua.

Mwezi Mei 2021 Kenya na Tanzania zilitia saini makubaliano kuhusu bomba la gesi kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Hata hivyo, kutoka Mombasa hadi Kisumu ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, na bomba kuu likishafika mjini bado kunahitajika mabomba madogo ya kupita kila mtaa na kila njia. Ushauri wangu ni kwamba usiache kujenga jiko lako vizuri leo kwa kusubiri gesi hiyo.

Bomba la Kenya Pipeline linapita karibu na kwetu. Haliwezi kutumika?

Bomba hilo lilifikishwa Nakuru, Eldoret na Kisumu mwaka 1994, na linasafirisha petroli, dizeli, mafuta taa na mafuta ya ndege. Hakuna gesi ya kupikia ndani yake. Gesi ya mitungi, kwa sehemu kubwa, huingia nchini kwa meli kupitia Mombasa na hufika huku kwetu kwa malori ya tangi.

Wanaoishi karibu na bomba hilo, ukiwemo mtaa wa Pipeline kule Nakuru, wanapaswa kujua pia kwamba mafuta yakivuja yasikaribiwe kwa ndoo wala kwa mtungi wa plastiki. Watu wa Kaunti ya Nakuru hawahitaji kukumbushwa yaliyotokea Sachang'wan, karibu na Molo, mnamo Januari 31, 2009, lori la mafuta lilipoanguka na moto ukawaua zaidi ya watu mia moja waliokuwa wamekusanyika hapo.

Gesi ya mtungi na gesi asilia zinatofautianaje? Si zote ni gesi tu?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote, kwa kuwa tofauti hiyo ndiyo inayoamua matundu ya hewa yatobolewe wapi, stovu ipi inunuliwe na mtungi usimame upande gani wa ukuta.

Gesi asilia ni methani kwa sehemu kubwa, na uzito wake ni zaidi kidogo ya nusu ya uzito wa hewa. Ikivuja hupanda juu na kutafuta dari. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani, ambazo zikishinikizwa hugeuka kimiminika, na ndiyo maana unasikia kitu kikichezacheza ndani ukiutikisa mtungi. Propani ina uzito wa takriban mara moja na nusu ya hewa, na butani mara mbili. Ikivuja haipandi. Hutambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, ikapita chini ya mlango, ikaingia kwenye mfereji wa maji machafu au ikatulia kwenye pembe ya chini ya chumba, na inaweza kukaa hapo kwa muda mrefu ikisubiri cheche.

Sasa tazama jinsi nyumba zetu nyingi zilivyojengwa. Matundu ya hewa ya jikoni yako juu, karibu na dari, kwa sababu wazee wetu walikuwa wakipambana na moshi wa kuni na joto la makaa. Matundu hayo hayaisaidii chochote gesi ya mtungi inayovuja. Chumba cha kupikia kwa gesi hii kinahitaji tundu lililo usawa wa sakafu, linalotokea nje moja kwa moja, lisilozibwa kwa gunia wala kwa kabati. La juu nalo libaki, kwa ajili ya mvuke na hewa chafu inayotokana na moto wenyewe.

Isitoshe, gesi ya mtungi huweza kuwaka ikifika takriban asilimia 2 tu ya hewa ya chumba, ilhali methani huhitaji takriban asilimia 5. Kwa hiyo kuvuja kidogo tu kunatosha kuleta hatari. Zote mbili kwa asili hazina harufu inayotambulika kwa urahisi, na harufu kali tunayoijua ni dawa inayotiwa makusudi ili pua ituonye mapema.

Gesi ya mabomba katika jengo la ghorofa hufanyaje kazi?

Nje ya jengo hujengwa kibanda chenye wavu na mlango unaofungwa, na ndani yake mitungi ya kilo 50 husimamishwa kwa safu mbili. Majengo makubwa hutumia tangi moja badala ya mitungi. Safu ya kwanza ikiisha, kuna valvu inayogeuza gesi itoke kwenye safu ya pili, hivyo wapangaji hawakatikiwi moto ugali ukiwa haujaiva. Regyuleta ya kwanza, iliyo hapo kibandani, hupunguza shinikizo kubwa la mtungini, na ya pili, iliyo karibu na kila nyumba, hulishusha hadi kiwango ambacho stovu inaweza kutumia. Kati yao hupita bomba la shaba au la chuma, ambalo kwa desturi hupakwa rangi ya njano na hupandishwa kwenye ukuta wa nje ili likivuja gesi ipeperuke. Fundi anayetaka kulipitisha bomba la gesi juu ya dari ya chumba cha kulala, au kulizika ndani ya ukuta bila kuliwekea ganda la kulikinga, asikubaliwe hata akitoa bei nafuu.

Kila nyumba huwa na valvu yake ya kufungia na mita yake. Mita husoma mita za ujazo, na hapa ndipo wapangaji wengi hupoteza hesabu. Mita moja ya ujazo ya gesi hii ina uzito wa takriban kilo mbili, kutegemea mchanganyiko wake. Chukua basi bei unayotozwa kwa mita ya ujazo, igawanye kwa mbili, upate bei ya kilo moja, kisha uilinganishe na bei ya kilo ukinunua mtungi wa kilo 13 dukani. Ni haki kwamba mwenye jengo arudishe gharama ya mabomba aliyoyaweka, lakini mpangaji naye ana haki ya kujua analipia nini.

Nyumba yangu ni ya familia moja. Je, nahitaji mfumo mkubwa namna hiyo?

Huhitaji. Mitungi miwili ya kilo 13 iliyosimama nje ya ukuta wa jiko, kwenye sakafu ya saruji, chini ya kipaa kidogo cha kuzuia jua na mvua, inatosha familia ya kawaida. Mmoja hutumika na wa pili husubiri. Bomba fupi hutoboa ukuta, likafika kwenye valvu iliyo mahali pa wazi karibu na stovu, ambapo hata mtoto mkubwa anaweza kuionyesha akiulizwa. Mitungi iwe mbali na dirisha, na mbali na shimo la maji machafu, na mbali na soketi au swichi yoyote, na isiwekwe kamwe ndani ya shimo au chumba kilicho chini ya usawa wa ardhi. Isimame wima wakati wote, kwa sababu mtungi uliolazwa hutoa kimiminika badala ya gesi, na moto wake huruka.

Kabla stovu haijaunganishwa, fundi anapaswa kulijaza bomba hewa kwa pampu, kulifunga pande zote mbili na kuiangalia geji, yaani kipimo cha shinikizo. Simama naye. Sindano ya geji ikitulia palepale kwa muda wote mnaongoja, bomba ni zima. Ikishuka hata kidogo, kuna kiungo kinachovuja, na povu la sabuni litakionyesha mahali kilipo. Fundi anayekuambia kwamba jaribio hilo halina haja kwa kuwa yeye ana uzoefu, mwombe akurudishie pesa zako.

Nahitaji vibali gani?

Kwa mitungi miwili ya matumizi ya nyumbani huhitaji leseni ya biashara. Kwa jengo la kupangisha lenye kibanda cha mitungi au tangi, mambo ni tofauti: ramani ipitishwe na serikali ya kaunti, kikosi cha zimamoto kikague mahali pa kuweka gesi, na kampuni inayojenga na kuuza gesi iwe na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, yaani EPRA, chini ya Sheria ya Petroli ya mwaka 2019. Dai kuiona leseni yenyewe, si picha kwenye simu, na uangalie tarehe yake ya kuisha.

Udongo wa kwetu ni ule mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi. Kuna shida kuzika bomba la gesi?

Ipo, na nashukuru kila mara mtu anapouliza kabla ya kuchimba. Udongo mweusi wa mfinyanzi uliopo katika uwanda wa Kano na sehemu nyingi za Kisumu huvimba ukinywa maji na hujikunyata ukikauka, na bomba la chuma lililozikwa humo huvutwa huku na huko kila msimu hadi kiungo kilegee. Nyumbani, njia iliyo salama zaidi ni kulipitisha bomba juu ya ardhi, kwenye ukuta. Pasipokuwa na budi kuzika, mtaro uchimbwe mpana, udongo mweusi uondolewe, mchanga utandikwe chini na juu ya bomba, na itumike polithini maalumu ya gesi ambayo hukubali kupindika kidogo.

Upande wa Nyando na Ahero kuna jambo jingine, nalo ni mafuriko. Gesi ikiwa kimiminika ina uzito wa karibu nusu tu ya maji, kwa hiyo mtungi unaweza kuelea na kuondoka ukiwa umelivuta bomba hadi likakatika. Ufunge mtungi kwa mnyororo ukutani, uuinue juu ya kiwango ambacho maji yamewahi kufika, na mara unaposikia mto umevunja kingo zake, funga valvu kabla hujahama.

Nakuru nayo ina tabia yake. Baadhi ya maeneo ya mji, hasa upande wa magharibi, yako juu ya udongo wa majivu ya volkano ambao hufunguka nyufa baada ya mvua kubwa. Anayejenga huko asizike bomba la gesi kabla ya kuwauliza majirani wa miaka mingi ardhi imewahi kupasuka wapi.

Shemeji yangu alinitumia stovu nzuri kutoka Uingereza. Naweza kuitumia na gesi ya mtungi?

Usiiwashe kabla hujasoma kibandiko kilicho nyuma yake au ndani ya mlango wa oveni. Ukikuta imeandikwa G20, hiyo ni stovu ya gesi asilia, iliyotengenezwa kwa shinikizo la takriban milibari 20. Stovu ya gesi ya mtungi huandikwa G30 au G31, na hutumia takriban milibari 28 na zaidi. Tofauti iko kwenye nozeli, kile kipande kidogo cha shaba ya njano chenye tundu jembamba kinachokaa chini ya bana, yaani pale moto wa stovu unapotokea. Tundu la nozeli ya gesi asilia ni kubwa, kwa kuwa methani ina nguvu ndogo kwa kila mita ya ujazo na ni lazima ipite nyingi ili maji yachemke.

Ukiiunganisha stovu hiyo na mtungi bila kubadilisha nozeli, gesi itatoka kupita kiasi. Badala ya moto mfupi wa buluu uliokaza, utaona ndimi ndefu za njano zinazoramba pande za sufuria, na baada ya chakula kimoja tu sufuria itakuwa imeshika masizi kama iliyopikiwa kuni. Masizi ni hasara ndogo. Kubwa ni kwamba moto wa namna hiyo hutoa monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu wala rangi, na humlaza mtu usingizi asiamke. Fundi anayejua kazi atanunua nozeli zinazofaa aina hiyo ya stovu na kurekebisha hewa ya bana. Zisipopatikana, iuze stovu kama chuma chakavu kuliko kuitumia hivyo.

Onyo hilo hilo linahusu mashine za gesi za kupasha maji ya kuoga. Mashine hiyo ikae nje au iwe na bomba la kutoa hewa chafu hadi nje. Kuiweka bafuni, mlango umefungwa na dirisha limezibwa ili mvuke usitoke, kumewaua watu ambao hawakuwa na kosa lolote isipokuwa kutaka maji ya moto.

Mtungi wa kilo 13 unapaswa kudumu muda gani?

Bana ya kawaida ikiwashwa kwa nguvu zote hutumia takriban gramu 200 za gesi kwa saa moja. Hivyo mtungi wa kilo 13 una takriban saa 65 za moto mkubwa, na ule wa kilo 6 saa 30. Anayepika ugali, sukuma wiki na chai ataona siku nyingi zikipita. Anayechemsha githeri kwa saa mbili na nusu atakuwa ameteketeza nusu kilo kwa chungu kimoja, na ndiyo maana nawahimiza watu waloweke mahindi na maharagwe usiku kucha, au wanunue sufuria ya shinikizo, ambayo hurudisha bei yake kwa kuokoa gesi.

Mtungi ukiisha haraka kuliko kawaida, mambo ya kushuku ni mawili. Huenda unavuja, na hapo upake povu la sabuni kwenye valvu, regyuleta na mpira, kamwe usitafute kwa kiberiti. Au huenda hukupewa gesi kamili. Kwenye shingo au mwili wa mtungi kumeandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Jumlisha huo na kilo za gesi ulizolipia, kisha udai upimiwe kwenye mizani mbele ya macho yako kabla hujalipa.

Kwa nini bei hutofautiana kati ya Nakuru na Busia, na hata kati ya duka na duka?

Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA hutangaza bei za juu kabisa za petroli, dizeli na mafuta taa, lakini gesi ya kupikia haimo katika tangazo hilo. Kila muuzaji hupanga bei yake, na safari ya lori kutoka pwani huongeza gharama kadiri mji ulivyo mbali. Kodi nayo imepanda na kushuka: VAT ya asilimia 16 iliwekwa Julai 2021, ikapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka uliofuata, na ikaondolewa mwaka 2023. Familia zilizorudi kwenye makaa wakati ule wa asilimia 16 hazijarudi zote kwenye gesi, jambo linalonisikitisha kila ninapoingia jikoni kwao na kukuta ukuta umekuwa mweusi.

Kwa wasioweza kununua mtungi mzima kwa mpigo, kuna mitungi yenye mita ambayo mtu hulipia kwa simu kiasi kidogo kidogo anachokihitaji, pale ambapo huduma hiyo imefika.

Kuna kijana mtaani anayejaza mitungi ya aina zote kwa bei nafuu. Kuna ubaya gani?

Kanuni za gesi za mwaka 2019 zilifuta utaratibu wa zamani wa kubadilishana mitungi kiholela na kumfanya mwenye nembo awajibike kwa mtungi wake. Mtungi hujazwa na mwenye nembo, au na yule aliyepewa idhini yake kwa maandishi. Anayejaza nyuma ya kibanda hapimi kama mtungi umechakaa, huujaza kupita kiasi bila kuacha nafasi ya gesi kutanuka, na jua la Kisumu la saa nane mchana likiupata, hakuna anayeweza kusema kitakachotokea. Mnamo Februari 2024, mlipuko wa gesi mtaani Embakasi, Nairobi, uliwaua watu na kuteketeza makazi na biashara. Tofauti ya bei unayoipata haistahili hata kufikiriwa.

Mama yangu yuko kijijini Vihiga na ana ng'ombe wawili wa zizini. Je, baiogesi ni jambo la kweli?

Ni la kweli kabisa, na kwa mtu kama mama yako ningeitanguliza mbele ya mtungi. Kiini cha baiogesi ni methani, ile ile iliyomo katika gesi asilia, kwa hiyo mama huyo wa Vihiga yuko karibu na gesi asilia kuliko tajiri wa Milimani. Samadi mbichi huchanganywa na maji kwa kiasi sawa, ikamiminwa kwenye chemba iliyofukiwa ardhini isiyoingiza hewa, na vijidudu huivunjavunja na kutoa gesi inayopanda hadi kwenye kuba. Kutoka hapo bomba huipeleka jikoni.

Ng'ombe wawili wanaolishwa zizini hutosha, mradi samadi itiwe kila siku na maji yawe karibu. Mengi ya majiko ya baiogesi yaliyokufa niliyoyaona hayakuwa na kasoro ya ujenzi. Yalikufa kwa sababu ng'ombe waliuzwa kulipa karo, au kwa sababu mtu wa kubeba ndoo ya samadi kila asubuhi aliondoka nyumbani na hakuna aliyechukua nafasi yake. Kaeni chini kama familia mwamue ni nani atakayeifanya kazi hiyo kabla hamjamwita fundi. Bomba liwe na mteremko na mahali pa kutolea maji, kwa kuwa gesi hii hubeba unyevu mwingi, na stovu iwe ile iliyotengenezwa kwa baiogesi. Tope linalotoka upande wa pili ni mbolea nzuri kwa migomba na napia.

Mvuke wa Menengai hauwezi kuletwa majumbani Nakuru?

Mvuke huo, unaotoka ardhini kwenye volkano ya Menengai, huzungusha mitambo ya umeme. Si gesi inayowaka, na hauwezi kupikia kwenye stovu.

Mimi ni mpangaji. Naweza kutoboa ukuta nikaweka mtungi nje?

Kwa idhini ya maandishi ya mwenye nyumba, ndiyo. Akikataa, mtungi ukae mahali penye hewa zaidi jikoni, uzimwe kwenye valvu yake mwenyewe kila usiku, na usiwekwe kwenye chumba ambacho watoto wanalala. Kwa nyumba ya chumba kimoja, hakikisha mlango una nafasi chini yake na usiizibe kwa tambara.

Nikisikia harufu ya gesi usiku nifanye nini?

Usiwashe taa, na usizime ile inayowaka, kwa kuwa swichi hutoa cheche pande zote mbili. Usiwashe tochi ya simu wala kuchomoa friji. Funga valvu ya mtungi ikiwa unaifikia bila kupita kwenye harufu kali, fungua milango na madirisha, watoe watu wote nje, na ukiwa mbali na nyumba ndipo upige 999 au 112. Waamshe majirani kwa sauti, si kwa kengele ya umeme. Usirudi ndani kuchukua kitu chochote. Kumbuka kwamba gesi hii iko miguuni: harufu ikipungua usawa wa pua haimaanishi imeisha sakafuni, kwa hiyo acha milango wazi muda mrefu kuliko unavyodhani unahitajika.

Huku Molo asubuhi moto huwa dhaifu ingawa mtungi haujaisha. Kwa nini?

Kimiminika cha mtungini hugeuka gesi kwa kunyonya joto la hewa iliyo nje. Propani huchemka hata kwenye baridi kali sana, lakini butani huacha kuchemka karibu na nyuzi sifuri za Selsiasi, na baridi ya alfajiri ya Molo huikaribia. Mtungi mkubwa zaidi, uliokingwa upepo lakini unaopata jua la asubuhi, husaidia. Usiumwagie maji yanayochemka wala kuuwekea makaa chini, hata siku moja.

Gesi asilia ikifika siku moja, mabomba ninayoweka leo yatafaa?

Yatafaa ikiwa utayapanga kwa kufikiria hilo sasa. Mita moja ya ujazo ya methani ina nguvu isiyofikia nusu ya ile ya propani, kwa hiyo bomba linalotosha gesi ya mtungi huenda likawa jembamba mno kwa gesi asilia, hasa likiwa refu. Anayejenga jengo la ghorofa aongeze kipenyo cha bomba linalopanda kwa daraja moja, aache kiungo kilichozibwa upande wa barabara, na atoboe matundu ya hewa ya juu na ya chini katika kila jiko. Siku hiyo ikifika, regyuleta na nozeli zitabadilishwa, mita zitapimwa upya, na bomba lililo ukutani litajaribiwa tena kwa hewa na geji kabla ya gesi mpya kuruhusiwa kupita.